Tamathali za Usemi: Usiishie Kutaja Jina

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukariri tamathali zote za daftarini, yaani mbinu za kusema jambo kwa picha au kwa fumbo, na bado akapoteza alama, kwa sababu jibu lake linasema tu: "Mwandishi ametumia tashbihi ili kupamba lugha." Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye shairi lolote, kwa hiyo haijaeleza shairi hili. Jibu lililokamilika hutaja tamathali, hutoa dondoo fupi, huonyesha ni nini kimefananishwa na nini kwa sifa ipi, kisha hueleza msomaji anapata hisia au maana gani.

Tuchukue sentensi hii: "Bodaboda alichomoka kama mshale kwenye foleni ya Wandegeya." Ni tashbihi, na kiungo chake ni "kama". Wengi wataandika "inaonyesha kasi" na kuweka kalamu chini. Endelea! Mshale ukishaachiwa haurudi nyuma wala haujui kusimama, hivyo msomaji anaanza kuhofia ajali kabla haijatajwa. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayoonyesha kwamba umeisoma sentensi yenyewe. Ukiondoa kiungo na kuandika "bodaboda yule ni mshale", hiyo sasa ni sitiari.

"Kama" huponza wengi. "Watu kama hamsini walifika" ni makadirio. "Kama mvua itanyesha Mbale" ni sharti. "Ni mrefu kama babake" ni ulinganisho wa kawaida tu, mtu kwa mtu. Tashbihi hutaka vitu viwili vya jinsi tofauti vinavyokutana katika sifa fulani, na kiungo chaweza pia kuwa mithili ya, mfano wa, sawa na, au ja.

Tashihisi nayo huchanganywa na sitiari. "Mlima Elgon ulijifunika shuka la mawingu ukalala": mlima haujaitwa mtu, umepewa matendo ya mtu. Basi ni tashihisi.

Kinaya na kejeli zinahitaji subira zaidi. Mlinzi wa usiku akiibiwa viatu alivyovaa, hicho ni kinaya, maana hali imekwenda kinyume na matarajio. Mwajiri wake akimwambia, "Hongera, unatulinda vizuri sana," ni kejeli, kwa kuwa maneno yanalenga kumdharau. Kejeli mara nyingi hupanda juu ya kinaya, lakini kinaya chaweza kuwepo bila mtu yeyote kubezwa.

Chuku, yaani kutia chumvi kupita kiasi, haina ugumu: "machozi yake yalifurisha Nile" inajieleza.

Kwenye insha, angalia sana tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga sauti ya tendo. Kitu huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu. Ukiandika kwamba mvuvi alitumbukia Ziwa Nalubaale (Viktoria) "tifu", umemwangusha ufukweni. Isome sentensi kwa sauti kabla hujaichagua tanakali yake.