Korosho iliyowapa wenzake mgongo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nachambua mchele, ndiyo maana jibu limechelewa. Unauliza kama uache dizaini ukasomee uhasibu kama dada yako, kwa kuwa bosi wako siku hizi anakaa na akili mnemba na kwa asubuhi moja anatoa mabango kumi na mawili, na wewe umebaki wa kusahihisha vidole vya watu waliochorwa na vidole sita. Nitakujibu. Ila kwanza tuiongelee ile picha uliyonitumia, ile kanga ya tangazo la sabuni iliyochorwa na mashine.

Nimeivuta kwenye simu mpaka ikawa madoa matupu. Mji wake, ile sehemu ya katikati, mzuri, sikatai. Lile ua la katikati, jinsi zambarau inavyoingia ndani ya njano, mimi lingenichukua wiki nzima. Jina limeandikwa MAPEZI HAYAN MWSHO, na najua utaniambia matoleo mapya yanaandika sawasawa. Haya. Mimi nikaenda kwenye kona. Upande wa juu kuna vidoti, upande wa pembeni kuna mawimbi, na pale vinapotakiwa kukutana, havikutani. Vimefifia tu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Pindo kwanza, mwanangu. Hilo umelisikia tangu hujaota meno. Mji mtu yeyote atauchora. Mwanamke akishajifunga kanga, mji wote umeingia kwenye mikunjo, kinachobaki kuonekana ni pindo linalomzunguka. Na pindo ni hesabu: korosho ngapi upande mrefu, ngapi upande mfupi, ili zote zifike kwenye kona bila hata moja kukatwa kichwa.

Sasa kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Kile chumba cha michoro kiwandani tulikuwa wanne, mwanamke peke yangu. Mchoro ulianzia kwenye karatasi, kisha kila rangi ukaitoa kwenye filamu yake kwa wino mweusi, nyekundu peke yake, nyeusi peke yake, na kila filamu ina alama ya msalaba pembeni ili rangi zisipishane zikifika kwenye kitambaa. Mwaka 1993 nikachora pindo la korosho. Wiki tatu. Filamu zimeshaondoka mezani ndipo nikaona: kona ya juu kushoto, korosho moja imegeuka. Wenzake wote wanatazama ndani, yenyewe imewapa mgongo. Nikamkimbilia msimamizi. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mteja hahesabu korosho." Ikapigwa chapa hivyo hivyo. Marehemu baba yako alijua nilivyolala wiki ile.

Mwaka 1996 wakatupunguza. Wewe ulikuwa na miezi minne. Nguo kutoka nje zilishajaa madukani, zetu zinarundikana ghalani. Siku moja nipo Mtaa wa Uhuru, wewe mgongoni, nimefuata uzi wa cherehani, naona doti inaning'inia mlangoni mwa duka. Pindo la korosho. Rangi si zangu, jina si letu, chapa ya nje. Nikanyoosha shingo kutazama kona ya juu kushoto. Ipo. Imewapa wenzake mgongo vilevile.

Nilicheka mpaka muuzaji akadhani nimechanganyikiwa. Walichukua kila kitu, na kosa langu wakalinakili kwa uangalifu, nukta kwa nukta! Kufika kwenye daladala kicheko kikaisha. Nikalia mpaka Magomeni, konda hakuthubutu hata kunidai nauli. Kesho yake nikarudi nikainunua kwa hela ya mafuta ya taa. Ndiyo ile nyekundu uliyobebewa, ambayo shuleni uliwatambia wenzako kwamba mama yako ndiye aliyeichora. Niliichora. Na sikuichora. Nikakuacha useme.

Kwa hiyo kaka yako aliponisomea habari za Getty Images, wale wanaouza picha, kwamba mwaka 2023 waliwapeleka mahakamani Stability AI, wenye mashine ya kuchora picha, na moja ya malalamiko ni kuwa mashine ilikuwa inatoa picha zikiwa na ile alama ya Getty wanayoichapa juu ya picha zao, imepindapinda lakini ipo, nilimwambia hapohapo: hiyo ni korosho yangu. Mashine imelishwa mabilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni. Haijui kwamba ile alama ni ya mwenye mali. Inadhani ni sehemu ya mandhari, kama wingu.

Kisha nikajikamata. Mimi korosho niliitoa wapi? Kwenye kanga ya bibi yako, ile iliyokaa kwenye sanduku la bati. Aliyeichora ile naye aliitoa kwenye vitambaa vya Kihindi, na hakuna aliyemwandikia Mhindi barua ya kuomba ruhusa. Nikisema mashine ni mwizi, inanibidi nitazame mikono yangu. Lakini mimi niliipima upya, nikaihesabu mpaka ikakaa kwenye pindo langu, na nilipokosea, nilikosea kosa langu mwenyewe. Hapo pana tofauti. Au najifariji. Baba yako angesema najifariji.

Na tusidanganyane: ile doti ya mtaani wanawake waliigombania. Msimamizi alisema kweli, mteja hahesabu korosho. Mwenye sabuni yenu hatatazama kona. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wizi wenyewe, kwamba kazi iliyoninyima usingizi hakuna aliyeikosa.

Kitu kingine, hukuniambia bosi wako anatumia mashine ipi. Adobe walipotoa Firefly mwaka 2023 walisema wameifundisha kwa picha za ghala lao na zile ambazo hakimiliki yake imekwisha. Nyingine hazisemi zilikula nini. Mimi ningeanza kwa kumuuliza hilo kabla sijasahihisha kidole kimoja. Msimamizi wangu sikumuuliza filamu zetu zilikwenda wapi kiwanda kilipofungwa. Wakati mwingine nawaza ziliuzwa, na huko nje hakuna aliyenakili chochote, walipokea tu.

Umeona, nimezunguka. Unataka nikuambie uache au ubaki. Ulimi unaniwasha, wallahi, na jibu ninalo. Lakini nilipotaka kuacha kazi mwaka ule wa 1993 bibi yako alinipa jibu lake, nikalifuata, na mpaka leo sijui nilikuwa nafuata langu au lake. Basi sisemi. Ila uhasibu! Dada yako mwenyewe juzi kalalamika hapa sebuleni kwamba kompyuta inamfanyia hesabu zote, yeye anabaki kutia saini. Sijasema kitu.

Idi ukija, njoo na hiyo kompyuta. Nataka niiambie ichore korosho ishirini na nane upande mrefu, kumi na nane upande mfupi, zote zitazame ndani, niione itakavyofanya ikifika kona. Na ukiiulizia ile nyekundu, kipande kimoja nimempa mke wa kaka yako, anabebea mtoto. Cha pili kipo, nimekufulia.

Mama yako