Kwa madogo wa HGL, HKL na ndugu zao: swali halijauliza hivyo

Wadogo zangu mlioingia kidato cha tano kwenye kombi za arts (H ni historia, G jografia, K Kiswahili, L Kiingereza, E uchumi), salaam. Nimeombwa nisaidie kusahihisha majaribio yenu ya historia ya twisheni. Rundo la kwanza lilinichekesha, la pili likanikasirisha. Insha zote zinaanza na sentensi ileile, na koma zimekaa palepale. Desa mnalotumia, hayo madokezo ya kukariri mnayorithishana, nalijua. Nililitumia mimi, na waliolitunga sidhani kama wanakumbuka tena kwamba walilitunga. Halijabadilika hata makosa yake. Hilo la makosa nitalirudia, vumilieni.

1. Acheni kusema mmekuja arts kwa sababu mmekimbia hesabu. Mwenye jografia kwenye kombi yake hesabu atazikuta zimemtangulia zinamsubiri: takwimu, vipimo vya ramani, na lile jedwali la upimaji wa vimo vya ardhi ambalo nusu ya darasa huliruka likisema "tutaliangalia karibu na mtihani". Liangalieni sasa. Ukijumlisha usomaji wote wa nyuma, ukatoa jumla ya usomaji wa mbele, jibu lazima lilingane na kimo cha mwisho ukitoa kimo cha kwanza. Lisipolingana, umeteleza mahali, rudi mstari kwa mstari. Kwenye kombi zetu hizi ni wapi pengine utapata alama ambazo unajua unazo kabla hujatoka chumba cha mtihani? Kwenye insha unatoka unamwachia Mungu.

2. Kiswahili si mteremko. Wa HKL na HGK, kuongea tangu utotoni hakujawahi kumsaidia mtu kuchanganua kitenzi. Chukueni "anayepikiwa": a-na-ye-pik-i-w-a, mofimu saba, na kila moja ina kazi yake. Mwaka jana dogo mmoja aliniandikia kwamba hiyo -i- ni "sauti ya kulainisha". Ya kulainisha nini? Ndiyo inayosema kuna mtu anafanyiwa. Ukiitoa, anayepikwa anakuwa yeye mwenyewe.

3. Desa. Hapa naomba nikae kidogo.

Kidato cha tano nilikuwa naitwa kipanga, yaani kichwa cha darasa, na jina nikalizoea kuliko nililopewa na wazazi. Nilikuwa na daftari ambalo kila topiki ina utangulizi uliokwisha kuandikwa, hoja nane na hitimisho. Usiku baada ya prepo, wenzangu wakilala, natembea kwenye korido ya bweni nikikariri kwa sauti ya chini kama anayeomba dua. Vita vya Majimaji nilikuwa navyo kichwani mpaka nukta: kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa maakida (watumishi wa serikali ya Wajerumani vijijini), vyote kwa mpangilio. Kwenye diskasheni mimi ndiye niliyesema, wengine wakanakili. Kuna mwenzetu mmoja, mpole, asiye na jina kubwa darasani, aliwahi kuinua kichwa akauliza, "Lakini Wahehe wameingiaje hapo?" Nikamjibu, "Wewe andika, acha ubishi, muda hakuna." Akaandika.

Moko, ule mtihani wa majaribio, ikaja. Swali likataka tueleze ni kwa kiasi gani imani katika maji ndiyo iliyoviwezesha vita kuenea katika jamii ambazo kabla ya hapo hazikuwa chini ya mtawala mmoja. Mimi niliona neno Majimaji tu, moyo ukafurahi, nikafungua bomba. Sababu nane za kuzuka kwa vita, kwa mwandiko ambao hadi leo najivunia. Niliomba karatasi ya ziada kabla ya mtu yeyote, na niliunyanyua mkono juu zaidi ya ilivyohitajika.

Nikapata alama sita kati ya ishirini. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Umejibu swali lako. Langu bado liko hapo juu."

Ingeishia hapo ningepona. Mwalimu akatuita kikundi kizima mbele, akatupa karatasi zetu, akaagiza kila mmoja asome kwa sauti mstari unaotaja waliopigana. Wa kwanza akasoma: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na Wahehe. Wa pili hivyohivyo. Ilipofika zamu yangu darasa lilikuwa limeshaanza kuitikia pamoja nasi kama kibwagizo.

Nikajitutumua. "Mwalimu, kwani Wahehe hawakupigana na Wajerumani?"

"Walipigana sana. Lini?"

Kimya. Nilikuwa na hoja nane kichwani, lakini hilo sikuwa nalo.

Basi lisikieni nyinyi mapema. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikipiga kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, akaendelea kuwasumbua Wajerumani mpaka alipofariki 1898. Majimaji yalianza Julai 1905 huko kwenye vilima vya Umatumbi, watu wakang'oa mashina ya pamba. Kufikia hapo Wahehe walishavunjwa, hawakujiunga. Kilichoniuma ni kwamba kosa hilo ndilo lililokuwa limekalia jibu. Dawa ya mganga Kinjikitile, yale maji yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, ilivuka mipaka ya makabila, ndiyo, na bila hiyo ni vigumu kueleza kwa nini Wamatumbi na Wangindo walisimama kwa sauti moja. Lakini Wangoni waliingia wakiwa na watemi wao, jeshi lao na kinyongo chao wenyewe. Na waliokuwa na kumbukumbu mbichi ya kushindwa walibaki nje. Imani inaeleza sehemu, haielezi yote. Hiyo ndiyo "kwa kiasi gani" aliyokuwa anaitaka mwalimu, na ingetokana na swali moja dogo la Wahehe ambalo mimi nililizima kwenye diskasheni.

Yule mwenzetu naye alisoma mstari wake kama sisi wote. Alipewa alama ndogo kwa kosa alilokuwa ameligundua mwenyewe, kwa sababu alimwamini kipanga. Hakunisema mbele ya mwalimu. Ningependa angenisema.

Najua mnakariri kwa nini, msinidanganye kwamba ni uvivu. Insha inaandikwa kwa Kiingereza, na sentensi ya kukariri ni salama kuliko ya kutunga. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: bishaneni kwanza kwa Kiswahili, mpaka mtu akasirike, ndipo kila mmoja akaiandike hoja yake kwa Kiingereza chake, hata kama kimepinda. Kiingereza kilichopinda chenye hoja kinapata alama. Kilichonyooka ambacho hakijagusa swali kinapata wino mwekundu.

Na desa likitaja kabila, mwaka au mkataba, lihakikisheni kwenye kitabu kabla ya kulimeza.

4. Takwimu iandikeni pamoja na mwenyewe. Waliokufa Majimaji: 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani, kati ya 250,000 na 300,000 kwa makadirio ya wanahistoria wa baadaye, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Anayeandika namba moja peke yake amekariri, na msahihishaji anaiona hiyo kwa mbali.

5. Masomo yenu yanajuana, ni nyinyi mnaoyatenganisha kwa rangi za madaftari. Nikiwauliza mradi wa karanga, wa historia wananiambia "uchumi wa kikoloni baada ya Vita ya Pili", wa jografia wananiambia "hatujafika huko". Mmefika! Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaja kufyeka pori Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango ukiwa ni ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta hayakutosha, vikaletwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, na mvua yake ni haba. Hiyo ni jografia tupu, na ilipaswa kuulizwa kabla ya meli ya kwanza kushusha mzigo. Kufikia 1951 mradi ukatupwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda. Ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mfano huo mmoja utautumia kwenye udongo na tabianchi, kwenye kilimo, kwenye ukoloni, na wa HGE atautumia kwenye gharama za uzalishaji. Tafuteni mifano ya namna hiyo michache, mijue kwa kina, kuliko kubeba mia ambayo mnajua majina tu.

Mwalimu wa jografia akinikuta namwaga haya huwa ananiambia nimeacha kueleza mteremko wa ardhi. Ana haki.

6. Someni ramani kabla ya swali la ramani, na njooni na uzi wa kupimia barabara.

7. Muda. Saa tatu zinaonekana nyingi mpaka uingie. Kila mwaka nakutana na karatasi ambayo swali la kwanza lina kurasa saba zenye mapambo, la pili tano, la tatu tatu, na la mwisho lina utangulizi na neno "kwanza". Gaweni dakika kabla ya kuandika mstari wowote, muandike mgawanyo huo kwenye kona ya karatasi ya maswali, na dakika zikiisha mhame hata kama hoja inanoga. Anzeni na swali mnaloliweza, lakini msilitendee kama mgeni wa harusi. Mkibanwa mwishoni, hoja zote zilizobaki ziandikeni sentensi mojamoja, zitahesabiwa. Ila msiandike "muda umeisha" chini ya insha. Msahihishaji naye ana saa, na mpaka leo sijaona mwongozo wa usahihishaji wenye alama za pole.