Sura ya mama nyeusi, mlango mweupe: je, dawa ni lenzi mpya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza chuoni hapa Moshi. Mjomba ameniazima kamera ya Nikon yenye lenzi ya 18-55. Sina nauli ya kwenda mbugani, kwa hiyo napiga vya nyumbani: chai, viatu, mama akichagua mchele jikoni. Nikimpiga mama akiwa ameupa mlango mgongo, sura inatoka nyeusi na nje kunakuwa kweupe tupu. Usiku picha zinatikisika, na nyingine zinatoka na michirizi ya giza. Wenzangu wanasema ninunue lenzi ya 50. Ndiyo dawa? Na je, vitu vya nyumbani vinatosha kujifunzia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vya nyumbani vinatosha, tena kwa hatua uliyopo ni bora kuliko tembo. Tembo anaondoka kabla hujajua kwa nini picha yake imeharibika. Sufuria inakaa pale pale: unaipiga, unabadilisha kitu kimoja, unaipiga tena, unaona tofauti. Nitakaa zaidi kwenye sura ya mama, maana somo lote limo humo. Ya lenzi nitayamalizia.

Kamera yako haijui kama inamtazama mama, mchele au mlango. Kipimo cha mwanga kilicho ndani yake kinakusanya mwanga wote wa kwenye fremu, kinautafutia wastani, kisha kinaiweka picha ili wastani huo uangukie katikati ya nyeusi na nyeupe, yaani kwenye kijivu. Kamera za siku hizi zina ujanja wa ziada, lakini msingi ni huo. Sasa mama amekaa kivulini na nyuma yake mlango umejaa jua. Kipimo kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, na anayeumia ni mama. Hata ukiweka lenzi ya milioni, kipimo kitafanya vilevile.

Ulione hili kwa macho yako. Weka gurudumu la juu kwenye herufi A, ambapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi (wenye Canon wataona Av), zima flashi, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 400. Tandaza mchele kwenye ungo, uweke barazani penye kivuli, usogee hadi mchele ujaze fremu yote pasionekane ukingo wa ungo. Piga. Ondoa ungo, weka mkaa pale pale, nao ujaze fremu. Piga. Tazama picha mbili hizo kwenye skrini: mchele umefifia, ni wa kijivu, mkaa umepauka, nao ni wa kijivu. Kitu cheupe kabisa na kitu cheusi kabisa, na kamera imevipa rangi karibu moja.

Hapo ndipo kinapoingia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kibonyeze huku ukizungusha gurudumu la kidole gumba mpaka skrini iandike +1.3, kisha piga mchele tena. Sasa ni mweupe, na bado unaweza kuona punje mojamoja na kivuli chembamba kati yake. Ongeza hadi +2.3 na utaona punje za juu zinaanza kupotea, panabaki bapa jeupe lisilo na kitu ndani. Weupe ulioungua namna hiyo haurudi, hata ukihangaika na programu ya kuhariri. Kwa mkaa nenda upande wa pili, −1.3, na weusi utarudi pamoja na ule mng'ao mdogo kwenye kingo zilizovunjika. Fanya zoezi hili mpaka uweze kukisia namba kabla ya kubonyeza. Usiliharakishe. Wapo wanaolipwa kwa kupiga picha za harusi ambao hawajawahi kulifanya, na magauni ya maharusi wao yanatoka ya kijivu.

Ukishalielewa, geukia mlima. Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika, mpige Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hapa kuna mtego: ukidhani kwamba theluji ni nyeupe kama mchele na kwa hiyo uongeze, utaharibu. Barafu ya Kibo inachukua sehemu ndogo tu ya fremu. Iliyobaki ni migomba, mapaa na miteremko ya kijani kibichi. Kipimo kinaona giza, kinaongeza mwanga, na barafu inaungua. Hapo unatoa, −0.7 au hata −1. Kwa hiyo usijiulize tu kitu ulichokilenga kina rangi gani. Jiulize fremu nzima imejaa nini.

Ngozi zetu ziko kwenye hesabu hiyohiyo. Ukimsogelea mtu mweusi mpaka uso ujaze fremu, kamera itajitahidi kuupeleka kwenye kijivu, na ngozi itatoka imepauka kama haikupakwa mafuta. Toa −0.7 na utaona wekundu na udhahabu wa ngozi unarudi. Hili naliomba sana ulizingatie, kwa sababu watu wetu wamepigwa picha mbaya kwa miaka mingi kwa uzembe huu mdogo.

Turudi kwa mama. Unaweza kujumlisha, +1.7 hivi, uso uonekane na mlango uungue. Au unaweza kubadili kipimo kisome nukta moja tu, ukailenga kwenye shavu. Mimi ningemwomba tu ageuze kigoda, mlango uwe ubavuni mwake. Mwanga uleule uliokuwa unamfanya mweusi sasa unaingia kutoka pembeni, unalala juu ya shavu, unashuka kwenye vidole na kwenye ungo, na jiko lililo nyuma yake linabaki na giza tulivu. Kwa kuwa giza hilo litajaza sehemu kubwa ya fremu, kamera itataka kuongeza mwanga. Ikatalie kwa −0.7 au −1. Upande wa uso ulio gizani ukizidi kuwa mweusi, mpe mdogo wako ashike shuka jeupe upande huo, lirudishe mwanga kidogo.

Saa ya kupiga nayo ina uzito, hasa huku kwetu. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima. Ule mwanga laini wa dhahabu ambao mafunzo ya Ulaya yanasema hudumu saa nzima, hapa hauzidi nusu saa sana baada ya jua kuchomoza, na vivyo hivyo kabla ya kuzama. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, mnamo saa sita na nusu mchana, na macho ya kila mtu yanakuwa mashimo meusi. Wakati huo ingia barazani, mtu aelekee uwanjani. Ila usimweke chini ya migomba ukidhani kila kivuli ni sawa: mwanga unaopenya majani yale una ukijani, na ngozi inatoka kama ya mgonjwa.

Picha zako za usiku zina magonjwa mawili. La kwanza ni kutikisika. Lenzi yako, ukiivuta hadi 55 (namba kubwa ndiyo inayovuta karibu zaidi), tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ukiirudisha 18 linafunguka hadi f/3.5, na hapo linaingiza mwanga kama mara mbili na nusu zaidi. Kwa hiyo usivute, sogea kwa miguu. Pandisha ISO hadi 1600, egemea fremu ya mlango, bana viwiko kifuani. Chenga kidogo zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. La pili ni hiyo michirizi, na hiyo inatoka kwenye taa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubu na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata, yaani pazia la kamera, yenye kasi ya 1/500 ya sekunde inanasa kipande tu cha kupepesa huko. Hamia herufi S, ambapo wewe unachagua kasi ya shata, weka 1/100 au 1/50, michirizi itatoweka.

Ukiona mkono umetulia nyumbani, nenda Mbuyuni, sokoni. Pale kuna rundo la nyanya, dagaa waliokauka wanaong'aa, vitunguu gizani chini ya turubai. Mahesabu ni yaleyale ya mchele na mkaa. Omba ruhusa kabla hujainua kamera: "Shikamoo mama, naomba nipige picha ya biashara yako." Akikataa, mshukuru uendelee. Akikubali, mwonyeshe picha.

Sasa lenzi ya 50. Yenye f/1.8 ni nzuri kweli: inaingiza mwanga karibu mara kumi ya yako ikiwa 55, na ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini. Lakini kwenye kamera ya aina yako, ambayo kihisi chake cha mwanga ni kidogo, inabana mandhari, ikikupa upana wa lenzi ya 75. Katika jiko dogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado mama na ungo havitaenea. Kwa chumba chenu ningekushauri 35 yenye f/1.8, na isiwe mwezi huu. Ukipata ya mtumba, ifungue tundu lote, mulika tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando, huo ni ukungu umeota ndani ya kioo. Mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Na kwa kuwa kamera yako ya Nikon huenda ni ile isiyo na mota ya fokasi (ya kuifanya picha iwe kali) ndani ya bodi, hakikisha lenzi imeandikwa AF-S. Iliyoandikwa AF-D itaingia vizuri, itapiga, lakini utakuwa unazungusha fokasi kwa mkono.