Laini inakatika kila mara, lakini kila ikipimwa inaonekana nzima

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Simu yetu ya mezani na intaneti vinapita kwenye waya mmoja, ule wa shaba wa zamani. Kwa muda mrefu sasa, simu ikiita tu, intaneti inakatika, kisha inarudi baada ya dakika moja au mbili. Mvua ikinyesha ndiyo balaa: simu inakwaruza hadi hatusikilizani. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa nizime modemu niiwashe, halafu wanapima laini wakiwa hukohuko na kusema ni nzima. Mafundi wameshakuja zaidi ya mara moja. Wanakuta kila kitu sawa, wanafunga malalamiko yangu, wanaondoka. Kasi nayo imeshuka. Mama yangu ni mzee, anaitegemea simu hiyo na ya mkononi haitaki kabisa. Je, ninunue modemu mpya? Na nifanye nini ili hawa watu wanielewe?

JIBU: Pole sana kwa usumbufu huo. Nianze na modemu: usinunue. Modemu iko ndani ya nyumba na mvua haiifikii. Simu inayokwaruza wakati wa mvua, pamoja na intaneti inayokatika simu ikiita, ni dalili za waya, na hasa za kiungio kibovu. Kiungio ni pale vipande viwili vya waya wa shaba vilipounganishwa, iwe kwenye kisanduku cha ukutani, juu ya nguzo, ndani ya kabati la mtaani au kwenye shimo la nyaya chini ya barabara. Laini moja kutoka kituo cha simu hadi kwako ina viungio vingi, na kimoja tu kikishika kutu kinatosha kuwaletea shida hii.

Nikueleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa utajua pia kwa nini mafundi hawakioni. Simu ikiwa imetulia, kituo huweka takriban volti 48 kwenye jozi yako ya nyaya, lakini mkondo haupiti kwa kuwa hakuna aliyeinua mkono wa simu. Intaneti inasafiri kwenye nyaya hizohizo kwa mawimbi ya juu zaidi: sauti ya mazungumzo inaishia karibu hezi 3,400, wakati ADSL, yaani intaneti ya waya wa simu wa shaba, inaanzia karibu kilohezi 25 na kupanda hadi megahezi 1.1, au 2.2 ikiwa ni ADSL2+, toleo lake la kasi zaidi. Kiungio chenye kutu kinaweza kuyapitisha mawimbi hayo vibaya lakini bila kubadilikabadilika, na modemu ikaizoea hali hiyo. Kisha simu inaita. Kituo kinatuma umeme wa kuita wa karibu volti 75 hadi 90, unaogeuka mwelekeo na kurudi mara 20 hadi 25 kila sekunde. Mtu akiinua simu, mkondo wa miliampea 20 au zaidi unaanza kupita. Utando wa kutu unatobolewa, ukinzani wa kiungio unabadilika ghafla, na laini ambayo modemu ilikuwa imeipima inakuwa laini nyingine. Modemu inapoteza mawasiliano na kuanza kuipima upya tangu mwanzo. Hizo ndizo dakika unazokaa bila intaneti.

Mkondo huohuo uliotoboa kutu unakiacha kiungio kikiwa kizuri kwa muda. Fundi akifika, jambo la kwanza analofanya ni kuinua simu na kusikiliza, au kuunganisha kifaa chake kinachopitisha umeme kwenye laini. Kwa kufanya hivyo anakiponya kiungio kwa saa kadhaa bila kujua. Anasikia laini safi, anaandika hakuna hitilafu, na ameandika alichokikuta. Ni sawa na homa inayopanda usiku, mgonjwa akapelekwa kupimwa asubuhi.

Kipimo cha mbali nacho kina upofu wake. Mtu wa huduma kwa wateja anabonyeza kitufe, na mtambo wa kituoni unapima mambo machache ya umeme: ukinzani kati ya waya mmoja na mwenzake, ukinzani wa kila waya na ardhi, kama kuna umeme mgeni umeingia, na chaji ambayo nyaya zinaweza kushika. Hicho cha mwisho ni kizuri sana kwa waya uliokatika, kwa kuwa kilomita moja ya jozi hushika karibu nanofaradi 50, hivyo mtambo unaweza kukadiria umbali wa mahali ulipokatikia. Lakini kiungio kinachoyumba hakijakatika. Kipimo kinachukua muda mfupi tu, na ikiwa katika muda huo kiungio kimetulia, majibu yanatoka ya kijani. Anayekuambia laini ni nzima anasoma rangi iliyo mbele yake. Hakudanganyi, na ndiyo maana kumgombeza hakusaidii kitu.

Mvua inaongeza tatizo lingine. Maji yakiingia kwenye kiungio au kwenye waya uliochubuka ganda, umeme unavuja kutoka waya mmoja kwenda mwingine au kwenda ardhini, na ndiyo mikwaruzo na mngurumo mnaousikia. Kipimo kikifanywa maji yakiwa bado yamo, mara nyingi uvujaji huo huonekana wazi. Shida ni kwamba foleni ya mafundi inachukua siku, na fundi anapofika jua limeshakausha kila kitu. Kwa hiyo piga simu wakati mvua inanyesha, au mara tu inapoacha kunyesha, na uombe laini ipimwe papo hapo ukiwa bado unaongea nao. Tumia simu ya mkononi kupiga, kwa sababu ukipigia laini ileile mkondo unapita na unaharibu kipimo.

Kabla ya kupiga, hakikisha kosa haliko ndani ya nyumba yako, maana hilo ndilo swali la kwanza la fundi na kampuni nyingi hutoza fedha hitilafu ikikutwa upande wa mteja. Chomoa kila kitu kilichounganishwa na laini: simu zote, faksi kama ipo, king'ora, hata kile kipande cha waya kirefu kinachopita nyuma ya kabati. Kisha chomeka modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza kabisa, ile ambayo waya kutoka nje unaishia. Soketi nyingine zinazoning'inia kwenye laini hiyo ziwe zimetengwa ikiwezekana, kwa kuwa waya wa ndani uliotandazwa vibaya hukusanya kelele kutoka kwenye taa na chaja. Ikikatika hata hapo, kosa liko nje. Ukirudisha simu, kila moja lazima ipite kwenye kichujio chake, kile kijisanduku kinachotenga sauti ya simu na mawimbi ya intaneti. Kichujio kilichokufa, au simu moja iliyosahaulika bila kichujio, inaweza pia kukata intaneti simu inapoita, na hicho ni kifaa cha bei ndogo. Kwako sidhani ndicho, kwa sababu ya ile mvua, lakini kibadilishe ili swali hilo lifungwe.

Pima pia kwa waya wa mtandao kutoka kwenye modemu hadi kwenye kompyuta. Watu wengi hulalamikia laini kumbe ni waifai inayoshindwa kupenya kuta, na mtu wa huduma kwa wateja anajua hivyo. Ukimwambia umepima kwa waya na taa ya laini kwenye modemu yenyewe inazimika, umemwondolea njia fupi ya kukujibu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi katika huduma hii, nalo ni agizo la zima uwashe. Modemu huhesabu makosa ya laini: mara ilizopoteza mawasiliano, vipande vya data vilivyofika vimeharibika, na nafasi iliyobaki kati ya data na kelele, ambayo huandikwa SNR na hupimwa kwa desibeli. Ukiizima, kwenye modemu nyingi hesabu zote hizo zinafutika. Yaani mteja anaagizwa afute ushahidi wake mwenyewe kabla hata ya mtu yeyote kuutazama. Zaidi ya hapo, kampuni nyingi zina programu inayoangalia uthabiti wa laini, na kila laini inapokatika mara nyingi, programu hiyo huishusha kasi ili itulie. Kuzima na kuwasha kwa kurudiarudia kunaweza kuhesabiwa kuwa kukatika. Hiyo ndiyo sababu inayoelekea zaidi ya kasi yako kushuka, na itachukua siku kadhaa za utulivu kupanda tena hata kiungio kikishatengenezwa. Usikubali kuambiwa ununue huduma ya kasi kubwa zaidi kama dawa ya hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe, fungua ukurasa wa modemu kwenye kivinjari (anwani yake mara nyingi imebandikwa chini ya kifaa), tafuta sehemu ya takwimu za laini na uipige picha. Piga picha nyingine baada ya simu kuita. SNR ikiwa, tuseme, desibeli 6 laini ikiwa imetulia, kisha ikaanguka karibu na sifuri wakati simu inaita, fundi yeyote mwenye uzoefu wa shaba akiiona picha hiyo ataacha kuzungumzia modemu. Pembeni weka daftari: tarehe, saa, kilichotokea, na hali ya hewa. Usiandike maneno ya hasira humo. Andika "simu imeita, intaneti imekatika, mvua inanyesha" na basi.

Ukipiga, taja kwanza mikwaruzo ya simu, intaneti ije baadaye. Nimeona mara nyingi malalamiko ya intaneti yakizungushwa kwenye dawati la modemu na waifai, wakati kelele kwenye simu inapelekwa moja kwa moja kwa watu wa laini, kwa sababu ni kasoro ambayo kila mtu anaweza kuisikia. Ili uwe na hakika nayo, chukua simu ya kawaida yenye waya, isiwe ile isiyo na waya, bonyeza namba moja tu ili mlio wa kupigia unyamaze, kisha sikiliza. Laini nzima huwa kimya. Ukisikia mikwaruzo au mngurumo, irekodi kwa simu ya mkononi.

Omba namba ya malalamiko na uiandike. Kama ya zamani ilifungwa, sisitiza kwamba hii ni hitilafu ileile inayorudi, usikubali ianze kuwa kesi mpya. Kwenye kampuni nyingi hitilafu inayorudi hupanda ngazi na kupewa fundi mwenye vifaa zaidi, ilhali kesi mpya inaanza tena na zima uwashe. Kumbuka pia kwamba mara nyingine kampuni inayokutoza si yenye nyaya, na fundi anayekuja anatumwa na kampuni nyingine kwa karatasi yenye mistari miwili. Muulize anayepokea simu: umeandika nini hasa kwa fundi? Mwombe akusomee. Kama hakuna neno "simu ikiita" wala "mvua", aandike.

Fundi akifika, mpe maji na mwonyeshe daftari kabla hajafungua begi. Mweleze unashuku kiungio chenye ukinzani mkubwa, na umwombe asiinue simu kwanza. Piga simu ya nyumbani kwa kutumia simu ya mkononi huku yeye akitazama modemu, ashuhudie kwa macho yake. Ana kifaa kinachotuma mpigo wa umeme kwenye waya na kusoma mwangwi wake, na kinaweza kumwonyesha ni mita ngapi kutoka hapo kiungio kilipo. Ikishindikana kukipata kiungio hicho, mwulize kama kuna jozi ya akiba kwenye kebo yenu. Kuhamishia laini yako kwenye jozi nyingine hukwepa kosa lote kati ya nguzo na kabati, na kwa laini yenye historia kama yako ningelitaka hilo lifanywe mapema kuliko kukaza skrubu na kuondoka. Kabla hajafunga kazi, piga tena simu ya nyumbani mara kadhaa mfululizo muone kama intaneti inashikilia.

Huenda wakakushauri uhamie faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme. Ikiwa ipo kwenu, ni ushauri mzuri: kioo hakishiki kutu na mvua haikivujishi umeme. Lakini jua kwamba simu itapitia kwenye kifaa cha ndani kinachotegemea umeme wa nyumba. Simu ya shaba hupata umeme wake kutoka kituoni, ndiyo maana huendelea kufanya kazi taa zikizimika. Kwa mama, hiyo ina maana ya kununua betri ya akiba ya kifaa hicho siku ileile kinapofungwa.

Na wakati unasubiri haya yote, asikae bila simu. Iombe kampuni ihamishe simu zinazoingia kwenye namba hiyo ziende kwenye simu ya mkononi ya yeyote anayeshinda naye. Uhamishaji huo hufanyika kwenye mitambo ya kituo, kwa hiyo simu zitapita hata waya ukikatika kabisa. Waeleze pia kwamba ni mzee anayeitegemea laini hiyo na waulize kama wana utaratibu wa kuwapa watu kama yeye kipaumbele. Ili aweze kupiga mwenyewe, zipo simu za mezani zinazotumia kadi ya simu ya mkononi. Zina mkono na vitufe vikubwa kama anavyovijua, hazihitaji waya wowote wa laini, na nyingi huja na betri yake ndani.