Fidia ya korona kwa wenye vitalu nyumba: usitume hela

Dada wa Kigamboni, umeuliza kama kweli serikali inawalipa wenye vitalu nyumba (greenhouse) fidia ya korona, maana umetumiwa ujumbe unaodai elfu thelathini "ya fomu". Usitume hata mia! Malipo ya namna hiyo yalitolewa Marekani mwaka 2020, na Wizara ya Kilimo ya huko, kwa wakulima wa huko. Namba iliyokutumia ujumbe huo iripoti 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na kama umeshawapa namba yako ya siri, ibadilishe leo leo.

Najua inavyouma nailoni ikipasuka na nyanya zimenyauka mstari mzima. Jaribu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Hauna riba, ila nyie mtaupata kama kikundi. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sisi tulirudishwa mara mbili kwa sababu muhtasari wa kikao ulikosa sahihi za wanachama wawili. Wenzako wachague kwa makini, mmoja akikimbia deni linawabaki nyie.

Kabla ya kununua nailoni, mwite afisa ugani aangalie mashina na udongo. Kama ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaokaa kwenye udongo, utapoteza tena.