Maswali na majibu: Saa ya mtunza vitabu ni shilingi ngapi?

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watunza vitabu vya hesabu walioacha ajira na kujitegemea hapa Kigoma. Mlioniuliza "wenzetu wa Dar wanatoza ngapi" mtanisamehe. Pango la Kariakoo si la Gungu, na mteja wa huko hatakulipa wewe.

Nilikuwa nalipwa 600,000 kwa mwezi. Nikigawa, saa moja inakuja kama 3,400. Nianzie hapo? (Mwanga)

Hapana, na swali hili nimelijibu mpaka sauti imekauka. Umegawa mshahara kwa saa 176, yaani siku 22 za saa nane nane. Mwajiri alikulipa hata mlipokaa mkisubiri umeme urudi. Sasa nani atakulipa? Toa saa za kutafuta wateja, za kudai, za kuumwa, za kwenda msibani Kasulu. Anayeanza akibaki na saa 90 za kulipwa, ashukuru. Kisha juu ya hiyo 600,000 weka chumba, bando, bodaboda, umeme, akiba ya kompyuta siku itakapozima moja kwa moja, na kodi yako mwenyewe, ambayo wengi mnaisahau wakati kazi yenu ni kuwakumbusha watu kodi. Tuseme hayo yote ni 300,000. Laki tisa kwa saa 90 ni 10,000. Ukishuka hapo, unamfadhili mteja. Namba zako zinaweza kuwa tofauti, ila andika saa zako daftarini mwezi mzima kwanza, ndipo uje tubishane.

Saa za foleni kwenye ofisi ya kodi nimtoze mteja?

Ndiyo. Umepanga foleni kwa ajili ya nani?

Mteja wangu ni mfanyabiashara wa dagaa Kibirizi. Nikitaja saa ananuna, anataka bei ya mwezi.

Ana haki. Yeye saa haioni, anaona mtu amekaa na kalamu. Mpe bei ya mwezi, ila uipate kwa saa: fanya vitabu vyake mwezi mmoja ukihesabu, zidisha, halafu mwandikiane nini kimo humo. Risiti anakabidhi lini, marejesho ya kodi unayomjazia ni yapi, mishahara ya vibarua imo au haimo. Msipoandikiana atakutokea tarehe 19 jioni na kiroba cha risiti zinazonuka dagaa, nyingine nyeupe kabisa kwa kuwa za mashine zikikaa juani maandishi hufutika, na marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mwisho ni tarehe 20. Kazi ya usiku huo ina bei yake, naye aijue tangu siku ya kwanza. Malipo pia yapangie wakati. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa taa hawana cha kufuata ziwani na fedha mwaloni inakauka. Ukimdai siku hizo mtagombana bure.

Shemeji anataka nimfanyie bure, ana duka Ujiji.

Akikupa sukari bure, mfanyie.

Mteja ataniongezea mara mbili nikimwandalia vitabu viwili, vya benki na vya TRA, mamlaka ya mapato.

Usiguse. Bei ya saa haifikii bei ya kesi, na siku ya kuulizwa atasema aliyeandika ni wewe. Na kwa kuwa tumefika huko: wapo vijana wanaogonga mihuri kwenye "hesabu zilizokaguliwa" ili mtu apate mkopo. Ukaguzi ni wa waliosajiliwa na kupewa leseni na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na ushauri wa kodi nao una usajili wake TRA. Kutunza vitabu ni kazi halali, tena inalipa. Baki humo mpaka upate karatasi za kukupeleka mbele.

Kampuni imenikata asilimia 5 kwenye ankara yangu. Wameniibia? (Uvinza)

Hawajakuibia, hiyo ni kodi ya zuio: anayekulipa anaikata na kuipeleka TRA kwa jina lako. Inashangaza mtunza vitabu kuniuliza hili, lakini haya. Dai cheti chake mwezi huohuo, kihifadhi, na ukipigiwa hesabu ya kodi ya mwaka kiasi hicho kinapunguzwa. Wakikuzungusha, usianze kazi ya mwezi unaofuata kabla hujakipata.