Ndege Ilizunguka Tena, Nikaandika "Tumenusurika"

Nianze kwa kukiri. Ile klipu ya ndege "iliyoshindwa kutua Dodoma", yenye sauti ya mtu anayesema "Mungu wangu, Mungu wangu" mpaka anakera, niliirekodi mimi. Na hiyo sauti ni yangu.

Ilikuwa Agosti, miezi ile ambayo ukipita Nyerere Square umevaa shati jeupe unarudi nyumbani limekuwa la udongo. Nilikuwa natoka Dar es Salaam na ndege ya mchana, zile za pangaboi. Ilijaa watu wa Bunge na wizara, pamoja na sisi wengine tunaokwenda kufuatilia malipo yetu huko wizarani (hiyo nayo ina makala yake, siku nyingine). Nilikaa dirishani. Tumeshuka, magurudumu yameshatoka, naona mabati ya nyumba kwa karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Kwa wasioujua, uwanja wetu wa ndege uko mjini kabisa, nyumba zimeuzunguka. Ndege ikawa inayumba, bawa hili juu, bawa lile chini. Kisha, pale nilipotegemea kusikia tairi zikigusa lami, injini zikanguruma, pua ikainuka, tukapanda tena.

Mama mmoja wa makamo aliyekaa pembeni yangu, kilemba cha kitenge, alinishika mkono bila kunitazama, akaanza kusali kwa Kigogo, taratibu. Mimi mkono mmoja kwake, mwingine kwenye simu. Baada ya dakika kadhaa rubani akatangaza kwamba upepo ulibadilika ghafla, kwa hiyo tunazunguka na kurudi tena. Alisema kama mtu anayekutajia bei ya nyanya pale Sabasaba. Mara ya pili tukatua, kwa kishindo kidogo, watu wakapiga makofi.

Kabla sijashusha begi nilikuwa nimeshaitupa klipu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Nikaandika: "Ndege imeshindwa kutua Dodoma. Tumenusurika."

Maneno matano. Bajaji ilikuwa haijanifikisha nyumbani, klipu ikanirudia kutoka kundi la watu niliosoma nao, imeandikwa "Wabunge wanusurika kifo". Saa kumi na mbili jioni ilikuwa na injini moja iliyozimika angani. Usiku tayari kuna kambi mbili. Wa kwanza: hizi ndizo ndege za kodi zetu, nchi imeuzwa. Wa pili, wale wapambe wa wakubwa tunaowaita chawa: huyu aliyerekodi katumwa, hawaitakii nchi mema, atafutwe. Wakatokea na wa tatu wakadai kisa cha yote ni uwanja mpya wa Msalato kuchukua muda mrefu kujengwa. Msalato njia yake ya kurukia ni ya kilomita 3.6, jambo zuri sana, lakini upepo wa ubavuni haujali urefu wa njia.

Nilisoma komenti zote nilizoweza kuzifikia. Sikuona hata moja iliyouliza ndege ilikuwa ya aina gani, au upepo siku ile ulikuwaje.

Aliyeuliza ni shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ametengeneza ndege miaka mingi. Alipiga simu saa nne usiku.

"Shem, hii klipu ni yako?"

"Ni yangu."

"Na haya maandishi?"

"Nayo yangu."

Akakaa kimya kidogo. "Sasa nieleze, rubani alikosea nini?"

Sikuwa na jibu. Akanifundisha darasa la nusu saa, nami nalifupisha hapa kwa sababu ndilo lililonibadilisha.

Kuzunguka tena ni kazi ya kawaida ya rubani. Wanaifanyia mazoezi kila mara kwenye mtambo wa kuigiza urukaji. Ndege inapokaribia kutua inatakiwa iwe imetulia: mwendo wake sawa, kimo sawa, imelenga katikati ya njia. Kama kimojawapo hakijakaa sawa, rubani mzuri hang'ang'anii, anapanda na kuanza upya. Tena kila aina ya ndege ina kiwango cha upepo wa ubavuni ambacho haitakiwi kutua nacho kikizidi. Ongeza na mahali tulipo: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko ikiwa Dar es Salaam. Rubani anayekuja hapa saa nane mchana mwezi wa nane anayajua hayo yote kabla hajawasha injini.

"Wewe umeandika ameshindwa kutua," shemeji akasema. "Amekataa kutua. Siku marubani wakianza kuona aibu kuzunguka tena kwa sababu watasemwa kwenye simu, hapo ndipo usipande."

Hilo neno lilinikaa. Maana usalama wa ndege, zaidi ya vyuma na mafuta, unategemea watu kujisema. Fundi aliyehesabu vifaa vyake jioni akakuta bisibisi moja haipo lazima aseme, hata kama ndege itachelewa na abiria watamtukana. Mwongoza ndege aliyechanganya maelekezo lazima aandike. Watu hawa wakishajua kwamba kila kitu kidogo kitageuzwa silaha ya kisiasa, na mkubwa fulani atataka mtu wa kufukuzwa ili kelele ziishe, watanyamaza. Nasi tunaojidai kupigania usalama ndio tutakuwa tumewafunga midomo.

Ndiyo maana uchunguzi wa ajali za ndege duniani una utaratibu wake. Upo kwenye kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nasi tumo, na kinasema wazi kwamba lengo ni kuzuia jambo lisijirudie, si kugawa lawama. Taarifa ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Siku 30! Sisi tulikuwa na mshtakiwa kabla ya saa ya swala ya magharibi.

Utaratibu huohuo unatenganisha maneno. Ajali ni pale mtu amekufa au kuumia vibaya, au ndege imeharibika muundo wake, au haijulikani ilipo. Chini yake kuna tukio kubwa, kisha tukio. Tairi kupasuka, ndege kupiga ndege (namaanisha ndege mnyama, Kiswahili nacho kinatuchezea hapa), taa ya onyo kuwaka na rubani akarudi alikotoka: mengi ya hayo ni matukio. Yanatokea katika nchi zenye fedha na zisizo na fedha. Kuzunguka tena kwa sababu ya upepo mara nyingi hakufiki hata huko.

Sasa nisieleweke kwamba nawaambia watu wakae kimya. Hapana. Siasa ya usafiri wa anga ipo na ni halali kabisa, ila haikai kwenye tairi. Iko kwenye makaratasi ambayo hatuyasomi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania. Sababu walizotoa zilihusu usimamizi: upungufu wa wataalamu na udhaifu katika ukaguzi wa usalama. Hilo ni swali la kumuuliza mbunge wako, kwa jina na kwa tarehe: mamlaka ya usafiri wa anga ina wakaguzi wangapi, wanalipwaje, nini kimerekebishwa? Au chukua ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka wa fedha 2023/24, iliyoonyesha ATCL, yaani hiyohiyo Air Tanzania, ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8, huku ndege za Airbus kukaa chini kwa matatizo ya injini zikitajwa kuwa sehemu ya sababu. Hapo kuna mjadala wa mwezi mzima. Kundi letu la mtaa liliuzungumza siku moja, likarudi kwenye Simba na Yanga. Klipu yangu ilitafunwa wiki nzima.

Hata Bukoba inafundisha hivyo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, na 19 wakafa, kulikuwa na maswali mawili. Ndege ilianguka kwa nini: hilo la wachunguzi. Lakini kwa nini waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao, wakati uwanja wenyewe uko ukingoni mwa ziwa: hilo lilikuwa la kwetu sote, na kuliuliza siku ileile hakukuwa kosa. Tatizo ni kwamba watu waliyachanganya yote mawili kwenye sufuria moja.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Tarehe 29 Januari 2025 ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana karibu na uwanja wa Reagan pale Washington, wakafa watu 67. Kesho yake tu, miili bado inatafutwa mtoni, Rais Trump alikuwa mbele ya waandishi akiihusisha ajali na sera za ajira za wapinzani wake. Baada ya hapo kila ndege iliyotoa moshi Marekani ikawa habari. Ndivyo inavyokuwa: baada ya msiba mkubwa macho yetu yanafunguka, tunaanza kuona matukio yaliyokuwa yakitokea siku zote, tunadhani yameongezeka.

Basi nifanyeje nikiwa na simu mkononi na ndege imepanda tena? Mimi sasa naandika nilichokiona, basi. "Ndege ilikaribia kutua, ikapanda, rubani akasema ni upepo, ikatua mara ya pili." Neno "kunusurika" nimelifungia. Kadhalika "kushindwa", "mbovu" na "hujuma", mpaka niwe na cha kuonyesha. Klipu ya mtu mwingine ikinifikia nauliza: lini, wapi, nani alikuwa ndani? Mara nyingi anayeirusha hajui hata moja kati ya hayo. Ukiwa admini wa kundi, usifute halafu ukakaa kimya, maana watu watasema umepokea bahasha. Uliza maswali hayohayo mbele ya wote. Na tukumbuke ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo haina mzaha na taarifa za uongo. Siwatishi, ila niliisoma usiku ule na usingizi haukuja.

Mashirika na mamlaka nao wana lao. Mtu aliyetoka kushikana mikono na mgeni angani anahitaji mistari miwili mapema: nini kimetokea, abiria wako salama, ukaguzi unaendelea. Taarifa ikija kesho yake saa sita, ikiwa na mhuri na kurasa mbili za "tunapenda kuutaarifu umma", inakuta uongo umeshakula chakula cha mchana.

Klipu yangu niliifuta usiku uleule. Haikusaidia. Mwezi uliopita shangazi yangu wa Kondoa alinitumia, safari hii imeandikwa kwamba ni Mwanza, juzi, na watu wanne wamelazwa. Nikampigia.

"Shangazi, hiyo ni Dodoma, ya zamani. Hakuna aliyeumia. Huyo anayesema Mungu wangu ni mimi."

Akaisikiliza tena, nikaisikia sauti yangu kwa mbali kwenye simu yake ya pili.

"Eeh, kweli ni wewe," akasema. "Pole sana mwanangu. Na mbona hukutuambia kama umelazwa?"